UZI: Bunifu zetu zinaishia kwenye tuzo na mpakani. Tujadili namna utafiti utakavyokuwa kampuni ya Afrika Mashariki nzima

Mtu wa Maabara (Arusha)

Wakuu habari za jioni. Uzi utakuwa mrefu, mwenye haraka apite tu, ila kama wewe ni mwanachuo wa sayansi, mtafiti, fundi au una kampuni changa ya teknolojia naomba usome mpaka mwisho halafu utie neno, maana hii ishu imenikaa rohoni muda mrefu.

Nianze na kitu ambacho watu wa Arusha tunakijua kwa kuona tu, meno. Zunguka vijiji vya chini ya Mlima Meru utakuta vijana kwa wazee meno ya kahawia, na kuna sehemu watu mifupa imepinda kabisa. Chanzo ni floraidi inayotoka kwenye miamba ya volkano na kuingia kwenye maji. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na huku kuna visima vinazidi hapo mara kadhaa. Sasa Bonde la Ufa haliishii Namanga wakuu, linapanda mpaka Naivasha na Nakuru, linaingia Ethiopia, na kote huko kilio ni hicho hicho.

Tulifanyaje? Ngurdoto kukawa na kituo cha utafiti chini ya wizara ya maji, wakawa wanachuja floraidi kwa chenga za mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Nakuru nao, Jimbo Katoliki la kule, wakawa wanahangaika na mifupa hiyo hiyo. Tatizo moja, njia moja, nchi mbili, kila mmoja na lake. Baadaye pale chuo cha Nelson Mandela (NM-AIST) hapa Arusha Dkt. Askwar Hilonga akaja na NanoFilter, chujio la mchanga lenye vitu vya nano (chembe ndogo mno) vinavyokamata floraidi na metali nzito, na mwaka 2015 akawa mshindi wa kwanza kabisa wa Africa Prize ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Wengi tunaikumbuka tuzo. Mimi nakumbuka zaidi alichofanya nje ya maabara: aliona mwananchi wa kawaida hana hela ya kununua mtambo kwa mkupuo, hivyo ikawekwa mitambo kwenye vituo vya maji, mtu wa mtaani anaendesha kituo, anauza maji safi kwa bei ndogo na yeye anapata riziki. Pale ndipo utafiti ulipogeuka biashara, na sehemu hiyo haimo kwenye jarida lolote la kemia.

Hoja yangu ni hii. Kitu kilichotoka maabara (siyo app, nazungumzia mtambo, kipimo, dawa ya shambani, mashine) hakiwezi kusimama kama kampuni kwa soko la nchi moja ya kwetu, na hata kikisimama kitachechemea. Gharama za mwanzo ni kubwa mno. Kutengeneza moldi, kulipia vipimo, kusubiri cheti, kulipa mafundi, hizo hela unazirudisha kwa kuuza vingi, na wenye uwezo wa kulipa ndani ya mkoa mmoja au nchi moja hawafiki idadi hiyo. Wakati huohuo Jumuiya yetu sasa hivi ukihesabu Kongo iliyoingia 2022 na Somalia 2024 ina watu zaidi ya milioni 300! Lakini mbunifu wa Arusha akipanga soko anataja Moshi, Dodoma na Dar, wa Nakuru anataja Nairobi na Eldoret, wanaishi Bonde la Ufa moja na hawajawahi hata kupigiana simu. Ushirikiano wa kanda tumeuacha uwe kitu cha mawaziri na mikutano ya hotelini, wakati ulitakiwa uanze siku mtu anachora kifaa chake kwa mara ya kwanza.

Karibuni. Hasa nawataka wenye uzoefu wa kuvusha kitu mpaka, na wanaojua mambo ya hataza (haki ya kisheria ya mbunifu juu ya ubunifu wake).

Nakuru Yetu

Asante sana ndugu kwa kuanzisha hii mada. Mimi niko Nakuru na hiyo maneno ya meno naijua vizuri, nimekulia ndani yake. Na uko sawa kabisa, hapa kwetu watu wanajua ya mifupa lakini ukiuliza kama kuna kazi inafanyika Arusha hakuna mtu atakuambia.

Niongezee tu. Watu hupenda kusema Kenya ilitoboa na M-Pesa juu tuko na akili ya biashara. Hapana. Ile kitu ilianza kama jaribio. Vodafone na pesa ya wafadhili wa serikali ya Uingereza, lengo lilikuwa watu walipe mikopo midogo kwa simu. Wakati wa majaribio wakaona watu wanatumia kutumiana pesa kwa mambo yao mengine kabisa, wakabadilisha plani, ikazinduliwa Machi 2007, mwaka uliofuata ikawa Tanzania. Yaani somo liko hapo, waliangalia watu wanafanya nini na kifaa badala ya kuwalazimisha wafanye kile kilichoandikwa kwa proposo. Na hata hivyo ilichukua mpaka 2015 ndio mtu wa Safaricom aweze kutumia mtu wa Vodacom Tanzania pesa moja kwa moja. Miaka minane, kampuni kubwa zenye mawakili na pesa. Sasa kijana aliye na sampuli moja ya chujio kwa gunia atangoja miaka mingapi?

Mimi nimewahi kupeleka mashine ndogo ya kupima maji upande wa Tanzania kwa maonyesho ya shule, mpakani nikaambiwa hii ni bidhaa, lipa, nikasema si ya kuuza, wakasema lete barua. Barua kutoka kwa nani? Hakuna aliyejua. Nilirudi nayo nyumbani.

Bwana Shamba Kibaigwa

Mkuu mleta mada umeandika vizuri ila mimi nasema ukweli sioni hii kitu ikitokea. Unaongelea mbunifu mwenye chujio, sisi huku tunauza mahindi, chakula, kitu ambacho kila mtu anakihitaji, na bado Machi 2021 Kenya walipiga stop mahindi ya Tanzania na Uganda kwa barua tu. Malori yalilala mpakani. Siku chache baadaye wakalegeza kwa masharti lakini hasara ilishaingia. Kama mahindi yanafungiwa geti, teknolojia ya kijana wa chuo itapita wapi? Kwanza tuache viongozi wamalize yao ndiyo tuongelee startapu.

Mtu wa Maabara

Bwana Shamba nashukuru umeileta hiyo, maana mfano wako ndio unaonifanya niamini zaidi. Kumbuka sababu waliyotoa. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka. Na sumukuvu ni kweli ipo, tusibishane na hilo. Kenya 2004 walikufa watu 125 kule Ukambani kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kwetu 2016 Dodoma na Manyara tulizika watu, karibu 20. Kiwango cha Afrika Mashariki kinasema jumla isizidi sehemu 10 kwa bilioni, na ile aina kali ya B1 isizidi 5. Kiwango ni kimoja, kimeandikwa pamoja, shida ni kwamba mkulima wa Kongwa hana namna ya kukifikia wala kujua kama amekifikia.

Sasa angalia upande wa utafiti. Watafiti wa IITA (taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha kitropiki) na wenzao wa Marekani waligundua kwamba katika kuvu hao hao wa shambani wapo wasiotengeneza sumu kabisa. Ukiwaotesha kwenye punje za mtama zilizokaangwa ukazimwaga shambani wiki mbili tatu kabla mahindi hayajatoa maua, kilo 10 kwa hekta, wale wema wanajaa na kuwanyima nafasi wenye sumu, na sumukuvu inashuka kwa asilimia 80 na zaidi. Ndiyo Aflasafe. Huo utafiti haukuishia kwenye makala. Kenya ikasajiliwa 2015 na kiwanda kikajengwa pale kwenye shirika lao la utafiti wa kilimo, KALRO Katumani, Machakos. Tanzania ikasajiliwa 2018 na A to Z ya hapa hapa Arusha, watu wa vyandarua, wakachukua kazi ya kuisambaza.

Lakini hapo hapo ndipo pana funzo la pili. Kila nchi ilitafuta kuvu wake wa nyumbani, na kisayansi hiyo ina sababu nzuri, hutaki kuleta kiumbe mgeni shambani. Ila karatasi za usajili nazo zikarudiwa upya kila nchi, majaribio ya shambani kila nchi, miaka inapita. Shirika kubwa la utafiti lenye wafadhili linaweza kusubiri, kampuni ya vijana wanne haiwezi, mshahara wa miezi sita tu unaiua. Kwa hiyo mkuu ukisema tusubiri viongozi, mimi nasema lile zuio la 2021 lingekuwa na meno madogo sana kama pale Kibaigwa sokoni pangekuwa na kipimo cha bei rahisi ambacho cheti chake kinakubalika Namanga bila kubishana. Hicho kipimo ndicho kampuni. Na hakiwezi kukubalika Kenya kama Mkenya hakushiriki kukipima tangu mwanzo.

Bwana Shamba Kibaigwa

Hapo kwenye kipimo nimekuelewa. Kweli wanunuzi wa Kenya wanakuja na vipimo vyao na sisi hatuna cha kujibu, wakisema yana sumu yana sumu, bei inashuka hapo hapo. Endelea mkuu.

mwaka_wa_mwisho

Samahanini wakubwa naomba kuuliza. Mimi na wenzangu wawili chuoni tumetengeneza kifaa cha kupima unyevu wa mahindi kabla ya kuweka ghalani, tumetumia sensa za kawaida na kinatoa namba kwa simu, tulilinganisha na mashine ya maabara tofauti ni ndogo sana. Msimamizi wetu anataka tuchapishe haraka kwenye jarida na tukionyeshe kwenye maonyesho ya ubunifu mwezi ujao. Kuna mtu kaniambia nikifanya hivyo nimejimaliza. Ni kweli? Na je, kwa hali yetu ya hela tunaanzia wapi

Dada wa Hataza (Unguja)

Mdogo wangu shika breki kwanza. Ni kweli. Hataza inataka kitu kiwe kipya, na ukishakiweka hadharani wewe mwenyewe, kwenye jarida, kwenye maonyesho, hata kwenye video ya mtandaoni inayoeleza kinavyofanya kazi, kwa kawaida upya wake umekwisha na umekwisha kwa mkono wako. Makala haikatazwi, ila ombi la hataza litangulie hata kwa siku moja, kisha chapisha utakavyo. Msimamizi wako anapata makala yake, nyinyi mnabaki na haki yenu. Kaeni naye kwa adabu mumueleze, wengi wao siyo wabaya, wanapimwa kwa idadi ya makala ndiyo maana wanakimbilia huko.

Sasa la kanda, na hili wengi hawalijui. Si lazima mkaombe nchi moja moja. Ipo ARIPO, shirika la kanda la Afrika la milikibunifu, makao yake Harare, na kwa Itifaki ya Harare ya 1982 unapeleka ombi moja na kutaja nchi unazotaka ulinzi. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zote zimo. Unaweza kupitia ofisi za usajili za nchi, BRELA kwa Bara, KIPI kwa Kenya, URSB kwa Uganda. Huku kwetu Zanzibar tuna ofisi yetu BPRA, usidhani ukimaliza Bara umemaliza kote, uliza mapema. Hataza ikitoka ni miaka 20 tangu siku ya kuomba, na kila mwaka kuna ada ya kuidumisha, kwa hiyo msitaje nchi kwa kujifurahisha, tajeni zile mtakazouza au ambako mtu anaweza kuwaiga. Kwa kipimo cha mahindi mimi ningetaja Tanzania, Kenya na Uganda nikaishia hapo.

Kitu kingine, kama kifaa chenyewe ni sensa za kawaida mlizozipanga tu, huenda hataza isitoke. Lakini umbo lake linaweza kusajiliwa, jina lake likasajiliwa kama alama ya biashara, na ile programu ina hakimiliki. Hizo ni rahisi zaidi kwa mwanafunzi. Tena muulizeni chuo kina sera gani ya milikibunifu kabla ya yote, vyuo vingi vina ofisi ya mambo hayo na ada za mwanzo wakati mwingine wanalipa wao, kwa sababu na wao wana sehemu yao humo.

Mzee wa Ziwani

Wanangu nimesoma yote kwa furaha. Nawakumbusha jambo moja kwa sababu naona mnazungumza kama vile ushirikiano wa utafiti ni kitu kigeni. Ulikuwepo. Mimi ujana wangu nimefanya kazi Jinja kwenye utafiti wa samaki wa maji baridi, na mabosi wangu, madereva, wapishi, wataalamu, walikuwa mchanganyiko wa nchi tatu na hakuna aliyemuuliza mwenzake kibali. Kilimo na misitu kilikuwa Muguga, Kenya. Virusi vilikuwa Entebbe. Samaki wa bahari walikuwa Zanzibar. Viuatilifu vilikuwa Arusha, ile TPRI. Utafiti wa viwanda ulikuwa Nairobi. Kila nchi ilibeba mzigo wake na matokeo yalikuwa ya wote. Jumuiya ilipovunjika 1977 kila mtu akabaki na jengo lililokuwa kwenye ardhi yake, na nchi nyingine mbili zikaanza kujenga upya kile walichokuwa nacho jana yake. Kenya ikabaki na viwanda, ile ikawa KIRDI. Uganda ikabaki na virusi. Sisi tukabaki na viuatilifu. Maktaba, sampuli, kumbukumbu za miaka mingi, vikagawanyika vile, iliniuma na inaniuma bado.

Ninawaeleza haya kwa sababu magonjwa hayakugawanyika. Michirizi ya kahawia ya muhogo ilielezwa kisayansi mwaka 1936 kutoka Amani pale Tanga, na leo inasumbua Uganda na Kongo. Batobato kali ya muhogo ikatokea Uganda mwishoni mwa miaka ya 80 ikazunguka ziwa lote hadi kwetu Kagera. Na nimefurahi kuona siku hizi kuna ile programu ya simu, Nuru, ya PlantVillage na IITA, picha za kuifundisha zilipigwa mashambani Tanzania, inamwonyesha mkulima ugonjwa wa muhogo hata bila intaneti, na inatumika nje ya Tanzania. Hivyo ndivyo ilivyokuwa zamani, shamba la mmoja darasa la wote.

Sasa hivi tuna EASTECO pale Kigali, tume ya sayansi na teknolojia ya Jumuiya, na Baraza la Vyuo Vikuu Kampala. Vyombo vipo. Vijana vipigieni simu, viandikieni, msisubiri viwatafute.

Nakuru Yetu

Mzee shikamoo, hiyo historia inafaa ifundishwe shuleni. Naongeza kwa yale mazuri ya sasa. Ile Ampersand ya pikipiki za umeme ilianzia Kigali, dereva habaki akingoja chaji, anabadilisha betri anaenda, kisha ikaingia Nairobi. Na AirQo ya Makerere walianza 2015 kutengeneza vifaa vya kupima hewa vinavyostahimili vumbi na joto la kwetu, juu vile vya ng'ambo vilikuwa bei ghali na vinakufa mapema. Sasa viko Nairobi, Accra, Lagos. Hao hawakungoja Kampala ishibe kwanza ndio waangalie nje.

Mtu wa Maabara

Mzee shikamoo, na ubarikiwe.

Niseme la vibali kwa sababu limeulizwa na watu pembeni. Kuna mambo matatu ambayo tayari yapo na hayatumiki. La kwanza alama ya ubora. Kwa sheria ya viwango ya Jumuiya ya 2006, bidhaa yenye alama ya TBS iliyopimwa kwa kiwango cha Afrika Mashariki (shirika letu la viwango) inatakiwa itambulike na wenzao wa Kenya (KEBS), Uganda (UNBS) na Rwanda (RSB) bila kupimwa upya. Kwa hiyo mbunifu aulize mapema kabisa: kifaa changu kina kiwango cha Afrika Mashariki au hakina? Kama hakina, hapo kuna kazi ya kukaa na shirika la viwango, na msipeleke ombi mkiwa peke yenu, lipelekeni na mwenzenu wa nchi ya pili akiwa anasukuma kwake. La pili, mzigo mdogo usiozidi dola 2,000 unaweza kupita kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa, kinajazwa pale pale mpakani, mradi bidhaa iwe kwenye orodha iliyokubaliwa. Namanga, Holili, Mutukula, Rusumo zote sasa zina kituo cha pamoja, unasimama mara moja. La tatu, kama kifaa kinakusanya taarifa za watu, Kenya na Uganda wana sheria za 2019, Rwanda 2021, sisi 2022, zinafanana sana, andika utaratibu mmoja unaokidhi ile kali zaidi na umemaliza.

Kisichokuwepo, na nakisema kwa uchungu, ni hela ya katikati. Ya utafiti ipo kidogo. Benki ya Dunia ilimwaga dola milioni 140 mwaka 2016 kwa vituo vya umahiri 24 kwenye nchi nane za mashariki na kusini mwa Afrika, na vijana wengi wakasomeshwa vizuri sana. Ya mwekezaji ipo pia, ila anataka kuona wateja. Kati ya hapo, ile ya kutengeneza vifaa 50 vya kujaribu kwa wakulima halisi pande mbili za mpaka, hakuna anayeitoa. Vyombo vya serikali vya sayansi na utafiti, COSTECH kwetu, UNCST Uganda, NRF Kenya, NCST Rwanda, wakitenga kila mmoja fungu dogo kwa sharti moja tu kwamba ombi liwe na kampuni kutoka angalau nchi mbili, ndani ya miaka michache tutaona tofauti. Hili siyo la mkutano wa marais, ni la wakurugenzi wanne kukaa meza moja.

mwaka_wa_mwisho

Nimewaelewa sana. Tumeongea na msimamizi leo asubuhi, amekubali tusubiri, na ofisi ya chuo wametupa fomu ya kueleza ubunifu. Swali la mwisho, tukipata mwenza wa Kenya wa kujaribu kifaa, tunamgawia nini? Tunaogopa akichukua kila kitu

Dada wa Hataza (Unguja)

Msimgawie umiliki wa kifaa kwa kazi ya kujaribu. Muandikiane kabla hajakigusa: kwanza mkataba wa kutunza siri, kurasa mbili zinatosha. Pili, matokeo ya majaribio ni ya wote wawili. Tatu, mpeni haki ya kuuza Kenya kwa muda maalumu, miaka mitatu kwa mfano, na asipofikisha idadi mliyokubaliana haki inarudi kwenu. Akiboresha kitu, kama akibadilisha sehemu ya kuingizia punje, maboresho yake aandikwe jina lake ila nyinyi mruhusiwe kuyatumia. Nyinyi watatu nanyi muandikiane nani ana asilimia ngapi, sasa hivi mkiwa bado marafiki na hakuna hela.

Nakuru Yetu

Kijana, mimi si mwizi lakini usiniamini, fuata maneno ya dada hapo juu. Huku kuna ushirika wa wakulima wa mahindi upande wa Njoro naweza kukuunganisha nao, na fundi wa kutengeneza kasha la kifaa. Mahindi yakivunwa huku mwisho wa mwaka yanakuwa bado na unyevu, kiwango kinataka 13.5 kwa mia kushuka chini, na ndio wakati wa kujaribu. Maliza fomu yako kwanza ndio unitumie ujumbe.

Bwana Shamba Kibaigwa

Na Kibaigwa mlete. Msimu wetu unaanza mwezi wa tano wa sita hivi, kwa hiyo mkipanga vizuri mnajaribu mara mbili ndani ya mwaka mmoja, huku na kule. Mje na vifaa vitatu angalau, na kimoja muwe tayari kiharibike, wabebaji wa pale wakishika kitu hawabembelezi. Nitaongea na viongozi wa soko wawape kona karibu na mizani.

mwaka_wa_mwisho

Asanteni sana. Fomu naipeleka Jumatatu. Bwana Shamba, magunia pale mnapima unyevu kabla ya kupakia au baada? Nataka kujua mkono wa kifaa uwe na urefu gani ufike katikati ya gunia.

Bwana Shamba Kibaigwa

Kabla. Tunachoma bambo (chuma cha kutolea nafaka kidogo ya kukagua) gunia likiwa limesimama. Fanya mkono usipungue sentimita 40, na ncha iwe ya chuma siyo plastiki.